Sura ya Tisa: Abiria Kutoka Uholanzi

Jalada la Vasta Kusiima, mwanamke aliyetoweka, lilikuwa liondoke kituoni saa tisa alasiri kwenda kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Inspekta Lakot alijua kwamba likishaondoka halirudi kwa urahisi. Mshtakiwa wa mauaji hupelekwa rumande, na katika rumande ya mauaji watu wameacha kuulizana tarehe. Aliyekuwa njiani kwenda huko aliitwa Nasif, kondakta wa basi la matembezi, mzaliwa wa Bwera. Alikuwa ametoa maelezo mara tatu, na kila mara alisema jambo jingine.

Mara ya kwanza alisema Vasta alipanda basi asubuhi ile ya Jumamosi, akatembea na wenzake, akarudi nao Kasese. Mara ya pili alisema hakupanda kabisa: yeye Nasif alipoona kiti ki wazi alikiuza kwa abiria wa njiani, akatia fedha mfukoni, kisha akaweka alama mbele ya jina la Vasta ili mwenye basi asigundue. Mara ya tatu, baada ya kukaa siku kadhaa mikononi mwa Afande Ainebyona, mkuu wa upelelezi, alisema amemwua.

Ainebyona aliyaamini ya tatu. Lakot aliyasoma yote, akachagua ya pili. Ya kwanza yalimkinga Nasif dhidi ya tajiri wake, mwenye basi. Ya tatu yalimkinga dhidi ya Ainebyona. Ya kati ndiyo pekee yaliyomtia aibu bila kumpa faida yoyote, na Lakot hakuwahi kukutana na mtu aliyesema uongo wa kujiaibisha bure.

Lakini kuchagua si kuthibitisha. Begi la Vasta lilikutwa katika buti ya basi, lina kitenge, kopo la mafuta na Biblia. Na tena kulikuwa na Uholanzi.

Safari zile zilitangazwa mtandaoni, katika ukurasa ulioitwa Tembea Rwenzori. Mtu alibonyeza picha ya maziwa ya volkeno ya Katwe au ya viboko wa Mweya, akajaza jina na namba ya simu, akalipa kwa simu, na Jumamosi akapanda basi. Bei ilikuwa ile ambayo mke wa mfanyakazi wa saruji angeweza kuilipa bila kuomba ruhusa. Ainebyona alipoletewa orodha ya waliojiandikisha aliona kwamba mbele ya jina la Vasta, mahali pa nchi, palisomeka Uholanzi. Kuanzia hapo jalada lilipata mzungu. Mzungu huyo, kwa mujibu wa Ainebyona, alimnunulia Vasta nafasi akiwa huko kwao, akamlipa Nasif amshushe njiani, na mambo yakaharibika. Redio ya mji iliitangaza habari hiyo kwa wiki nzima. Mzungu mwenyewe hakupewa jina, maana hakuwa nalo.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa Lakot alipanda ngazi za nje za duka la vifaa vya ujenzi, hadi chumba alichokodi Muniru, kijana aliyeitengeneza tovuti ya safari zile. Muniru alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kwendea mahakamani. Alikuwa akimsubiri polisi tangu Nasif alipokamatwa.

Lakot hakutaka chai. Alitaka kuiona orodha nzima ya Jumamosi ile, siyo mstari mmoja uliokatwa na kubandikwa kwenye jalada. Muniru akageuza kompyuta. Lakot akasoma kutoka juu hadi chini, kidole chake kikishuka taratibu kwenye kioo. Singapore. Marekani. Ujerumani. Singapore. Uholanzi. Japani. Uholanzi tena. Uganda ilitokea mara chache sana.

"Nieleze," alisema. "Watu wa Singapore wanakuja Kasese kupanda basi la Nasif kwenda Katwe?"

Muniru alicheka, kisha akaona kwamba aliyecheka ni yeye peke yake.

"Afande, utaniweka ndani?"

"Bado sijui."

Basi akaeleza, akitazama mlango. Tangu mwaka jana serikali ilipoweka kodi ya mitandao, mtu hafungui Facebook mpaka alipe kodi ya siku hiyo. Wengi hawalipi. Wanaweka VPN kwenye simu, programu inayoificha simu na kuionyesha kama iko nchi nyingine, na wanaingia bure. Wakibonyeza tangazo la safari kutoka Facebook, wanafika kwenye tovuti yake bado wamejificha, na tovuti inawaandika kwa nchi ya kubandika. Mtu aliyekaa hapo chini dukani akinunua misumari, tovuti inamwona Singapore.

"Kwa nini hukumwambia Afande Ainebyona?"

Muniru alisugua kidevu chake kilichonyolewa. "Hakuniuliza, afande. Na halafu yeye mwenyewe simu yake iko Singapore. Ni mimi nilimuwekea. Ningesemaje mbele ya watu?"

Lakot hakuonyesha kuchekeshwa. Alitoa katika mkoba taarifa aliyoipata jana kutoka kampuni ya simu, akailaza kando ya kibodi. Ilikuwa ya namba ya Vasta. Kila asubuhi, tangu kodi ianze, Vasta alilipa. Hata Jumatano ile ya kujiandikisha alilipa, kabla jua halijapanda. Jambo hilo Lakot alikuwa amelisikia kwanza kwa Robinah, jirani yake Vasta katika kota za wafanyakazi wa saruji, ambaye alilisimulia kama kichekesho. Mhubiri wao alihubiri kwamba cha Kaisari apewe Kaisari, na kota nzima iliitikia amina na kwenda kuweka VPN, isipokuwa Vasta. Walimwita Mama Kodi. Walimcheka kwa sauti bombani, naye aliendelea kuchota maji. Jina lilimchoma zaidi, Robinah alikiri, kwa sababu ya hilo neno mama. Miaka yote ya ndoa hakupata mtoto.

"Sasa," alisema Lakot. "Mtu amelipa asubuhi. Jioni hiyo hiyo anaweza kuonekana Uholanzi?"

"Kufanya nini? VPN inakula data, na simu inakuwa nzito kama ng'ombe mgonjwa. Ukishalipa huihitaji." Muniru aliitazama taarifa, kisha kioo, kisha taarifa tena. "Afande, huyu hakujiandikisha mwenyewe."

"Aliandikishwa."

"Na nani?"

Lakot alimwomba atenge wale wa Uholanzi peke yao. Walikuwa wachache. Akakaa kwenye kiti cha Muniru na kuwapigia mmoja baada ya mwingine, akajitambulisha, akauliza swali moja tu: unaishi wapi. Muuza dagaa, Bwera. Fundi wa baiskeli, Bwera. Mwalimu wa shule ya msingi, nje kidogo ya Bwera. Mama mmoja muuza vitenge, Bwera sokoni, njoo leo ni siku ya soko. Wa Kasese mjini, kwa jinsi Muniru alivyowajua, wote walikuwa Singapore na Ujerumani. Katika Uholanzi nzima, mtu wa Kasese alikuwa mmoja, naye alikuwa Vasta, ambaye simu yake haikupatikana tangu Jumamosi ile.

Saa nne alikuwa njiani.

Bwera ilikuwa imejaa. Siku za soko Wakongo huvuka mpaka wa Mpondwe tangu alfajiri, na mwaka huo kila mmoja alipita kwanza kwenye madumu ya maji ya klorini, akanawa, akapimwa joto la paji la uso kwa sababu ya Ebola. Harufu ya klorini ilifika hadi kwenye vibanda vya vitenge. Muuza vitenge aliyepigiwa simu aliitwa Marie-Louise, mwanamke mnene wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, aliyeolewa upande huu. Alipoambiwa kwamba serikali inamwona kama mtu wa Uholanzi alipiga makofi.

"Miye? Sijafika hata Kampala. Ni ile mutoto Kakuru alinitengenezea telefone. Aliniambia, maman, sasa uko Ulaya. Nikamuuliza, na baridi iko wapi?"

Wenzake walicheka. Lakot aliuliza Kakuru anapatikana wapi. Kicheko kikapungua, kwa kuwa swali lile linapotoka mdomoni mwa askari huwa na maana moja. Marie-Louise alimtazama tangu viatu hadi kola, akapima, kisha akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya maduka ya nafaka.

Simu ya Lakot ililia akiwa anakatiza kati ya magunia ya kahawa. Ainebyona alitaka kujua yuko wapi, dereva amekwisha kuweka mafuta.

"Bwera, afande."

"Bwera kuna nini?"

"Uholanzi, afande."

Ainebyona akasema kwamba saa tisa ni saa tisa, akakata.

Kakuru alikuwa na kibanda cha mabati chenye dirisha moja, na dirishani vifuniko vya simu vya rangi zote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mdomo mwepesi. Alisema yeye anauza vifuniko tu. Alisema VPN hajui hata inavyoandikwa. Alisema Marie-Louise ni mama yake kabisa lakini akili yake siku za soko huwa haimo.

"Kodi ni kazi ya watu wa kodi," Lakot alimwambia. "Mimi natafuta maiti. Ukinichelewesha nitakuchukua twende ukanisaidie kuitafuta."

Kakuru akashusha pazia la dirisha. Alisema kwa sauti ndogo kwamba programu anayoitumia inatoa nchi tatu za bure: Marekani, Japani na Uholanzi. Marekani imejaa watu, inakwenda polepole. Japani hajawahi kuiamini. Kwa hiyo wateja wake wote anawaweka Uholanzi, kisha anaifunga programu kwa namba ya siri yake mwenyewe, namba moja kwa wote, ili mtu asiichezee, na ikiharibika arudi kwake.

"Namba gani?"

"Afande, hiyo ni biashara yangu."

Lakot alingoja. Alikuwa na namna ya kungoja bila kusogeza chochote, hata macho.

"Mwaka wa uhuru," alisema Kakuru. "Moja, tisa, sita, mbili."

Lakot aliuliza kama kati ya wateja wake yupo anayetoka Kasese. Kakuru alikataa mara moja. Watu wake ni wa soko. Baadaye akakuna shingo. Labda yule wa saruji. Jina hakulijua, ila simu yake aliikumbuka vizuri. Tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi la saruji, na jasho likaigandisha, likawa kama ukuta. Alilichokoa kwa sindano mpaka akavunja sindano. Alipomaliza akamwekea na VPN, maana jamaa alimcheka rafiki yake anayelipa kodi.

"Rafiki gani?"

"Hakusema. Alisema tu, nyumbani kwangu yuko mtu mmoja analipa serikali mpaka kuchungulia picha. Tulicheka sana."

Lakot alichomoa picha ya harusi aliyopewa na Robinah. Ndani yake alisimama Ojara, mume wa Vasta, mpakiaji wa mifuko katika kiwanda cha saruji, amevaa suti ya kuazima, na pembeni yake Vasta mwenye shela. Kakuru aliinamia picha, akaigeuza ipate mwanga wa mlangoni.

"Ndiye," alisema. Kisha akaweka kidole juu ya uso wa Vasta. "Lakini huyu siyo bibi yake."

"Bibi yake ni nani?"

"Yule alikuja naye. Ana mimba kubwa. Anakaa huko nyuma ya kinu cha kahawa. Huyu bwana anakuja kila akipata mapumziko. Hata juzi nilimuona." Akainua macho. "Afande, nimeharibu kitu?"

Lakot alirudisha picha mkobani. Alimtaka aandike aliyoyasema na kuweka sahihi. Kakuru akaandika amesimama, juu ya sanduku la vifuniko, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Nyuma ya kinu cha kahawa hakwenda. Alimtuma mgambo mmoja wa soko akaulize kwa majirani, kwa upole, kama mama mjamzito anaishi pale na mume wake anafanya kazi gani. Mgambo alirudi na jibu lile lile. Mume ni mtu wa saruji.

Ojara hakuhitaji kutafutwa. Kila siku, akitoka zamu, alikuja kukaa kwenye benchi la kituo na kuuliza kama mke wake amepatikana. Askari walimwonea huruma. Mmoja wao alizoea kumgawia chai. Siku hiyo Lakot alimkuta amejipumzisha pale na mikono yake mikubwa kati ya magoti, vumbi la kijivu katika nyusi. Ilikuwa imepita saa saba. Akamwingiza chumbani, akafunga mlango, akaweka mezani maelezo ambayo Ojara aliyatoa siku ya kwanza.

Wote wawili walikuwa Waacholi, watu wa kaskazini walioletwa magharibi na kazi, na Ojara alianzia hapo. Alimwita lamera, dada yangu, kwa lugha ya kwao. Akasema ni vizuri kwamba yuko mtu wa nyumbani katika jambo hili, hawa wengine wanatafuna tu maneno.

"Tuzungumze Kiswahili," alisema Lakot. "Kitaandikwa."

Alimsomea. Jumatano jioni, yalisema maelezo, nilikuwa nimelala kitandani na mke wangu, akafungua simu yake, akanionyesha picha za Katwe, akajiandikisha mbele ya macho yangu, nami nikamwambia nenda. Jumamosi alfajiri nilimbebea begi hadi kituo cha basi, nikamkabidhi mpakiaji wa basi, nikamwacha mke wangu akisubiri kupanda, nikawahi zamu.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Simu ilikuwa yake? Siyo yako?"

"Yake. Mimi Facebook sina. Mimi ni mtu wa mifuko."

"Bwera unakwenda?"

"Tangu hii Ebola sijakanyaga." Alitabasamu kidogo. "Naogopa kufa."

Lakot aliyaandika yote, akamsomea tena, akamtaka aweke sahihi. Ojara akaweka sahihi kwa furaha ya mtu anayesaidia. Ndipo Lakot akanyoosha mkono na kuomba simu yake.

Ojara aliitoa polepole. Lakot aliigeuza chini, akatazama tundu la chaji. Kuta zake zilikuwa na mikwaruzo ya sindano, na pembeni saruji ilikuwa imeanza kuganda upya. Akamwambia aifungue. Kwenye kioo, kati ya alama nyingine, kulikuwa na alama ya Facebook, na karibu yake ngao ndogo ya VPN. Aliigusa. Ikadai namba ya siri.

"Namba gani?"

"Sijui. Alinifungia tu..."

"Nani?"

Lakot akabonyeza moja, tisa, sita, mbili. Ngao ikafunguka, na katikati ya kioo likatokea jina la nchi. Aliigeuza simu upande wa Ojara ili asome mwenyewe.

"Mke wako alilipa kodi kila asubuhi," alisema. "Jumatano ile pia. Simu yake siku hiyo ilikuwa Uganda, mchana na usiku. Aliyemwandikisha alikuwa Uholanzi. Kasese nzima kuna simu nyingi zenye VPN, na zinaonekana Singapore, Ujerumani, popote. Zenye Uholanzi na namba hii ya siri ni za fundi mmoja tu, na fundi huyo yuko Bwera. Umeniambia sasa hivi kwamba hukanyagi Bwera. Umeweka sahihi."

Ojara aliitazama simu kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine. Alijaribu njia moja: labda Vasta aliichukua ile simu yake bila yeye kujua. Lakot akamrudisha kwenye maelezo. Alisema ilikuwa simu yake Vasta, alisema aliona kwa macho. Alijaribu nyingine, akarudi kwenye Kiacholi, akaongea haraka, habari za mama yake mzee anayeulizia wajukuu kila simu, habari za watu wa ukoo wanaomcheka mwanamume anayelima shamba lisiloota. Lakot hakuandika kitu mpaka alipomaliza.

"Mwanamke wa nyuma ya kinu cha kahawa," alisema, "alijua?"

Kwa mara ya kwanza Ojara aliinua uso.

"Usiende kwake."

"Sijakwenda. Nitakwenda leo na gari la polisi, kama hapa sitapata jibu. Nitamkalisha chumba kama hiki na kumwuliza hadi aseme. Ana mimba ya miezi mingapi?"

"Lamera."

"Kama alijua nitamkamata. Kama hakujua, na wewe ukaniambia ilivyokuwa na mimi nikakikuta ulichoniambia, sitakuwa na sababu ya kumleta hapa. Sikuahidi kitu. Nakueleza kazi inavyokwenda."

Nje dereva alikuwa akijaribu injini. Ojara alisikiliza mpaka ikazimwa. Alipoanza kusema alisema na meza. Mwanamke wa Bwera hakujua kwamba kuna Vasta. Vasta ndiye aliyegundua. Alikuta risiti ya kliniki katika suruali ya kazi, na hakupiga kelele. Aliomba tu wamlee mtoto pamoja, yeye awe mama wa pili. Alilisema kila usiku, kwa upole, kama sala. Ojara alisema hakuweza kuuvumilia ule upole. Ijumaa usiku upole ule ulikwisha, kwa mikono yake. Nafasi ya safari alikuwa ameshaikata Jumatano.

Lakot alisitisha kalamu. "Basi Jumatano ulikuwa umeshaamua."

Ojara alifuta vumbi la nyusi kwa kiganja.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya kota. Kile choo cha zamani."

Lakot alikijua, alikuwa amekipita mara mbili akienda kwa Robinah. Shimo lililojaa, ambalo wakazi walilalamikia mwaka mzima kwa ajili ya harufu na watoto, na ambalo hivi karibuni lilikuwa limefunikwa kwa zege safi, limelainishwa kwa mwiko mpaka kwenye kingo.

"Nilibeba mifuko iliyopasuka kiwandani, asubuhi ile ile ya Jumamosi," alisema Ojara. "Majirani walinishukuru. Mmoja aliniletea uji."

"Unene wa zege?"

Hakuelewa.

"Tutalivunja. Nataka kujua tubebe nyundo au mashine."

Akamwonyesha kwa vidole viwili vilivyotanuka. Lakot akaandika nyundo, akamgeuzia karatasi aweke sahihi. Mkono wa Ojara ulitia sahihi kwa uzuri ule ule wa mwanzo.

Ainebyona alikuwa amesimama karibu na gari, jalada kwapani. Lakot alimkabidhi maelezo ya Ojara, ya Kakuru, taarifa ya kampuni ya simu. Alimweleza kwa mpangilio, kutoka kodi hadi choo, bila kumtaja Muniru wala simu ya mtu yeyote iliyoko Singapore. Ainebyona alisoma amesimama juani. Aliposoma ukurasa wa mwisho alirudi wa kwanza, kama anayetafuta mlango mwingine. Kisha akaliweka jalada juu ya boneti.

"Na yule wangu," alisema. "Maungamo yake nitayaandika nini?"

"Andika jinsi yalivyopatikana, afande."

Ainebyona alilichukua tena jalada. Akamwambia dereva azime gari, akaenda kuwakusanya vijana wa kuvunja zege.

Kwenye kivuli cha ukuta wa kituo alikaa Salmah, dada yake Nasif, na sufuria ya wali iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuja kila mchana, na kila mchana mlinzi alikula nusu kabla ya kuingiza. Lakot alimwambia asimame, waingie pamoja. Hakumweleza sababu, alitaka kwanza mlango ufunguliwe.

Selo ilikuwa na watu wengi. Nasif alikuwa ameegemea ukuta wa ndani, uso umevimba upande mmoja, miguu imefura kwa kusimamishwa. Mlinzi alipoita jina lake alinyanyuka, akasogea mbele, akasimama wima na mikono ubavuni. Hakumwona dada yake. Alitazama mahali fulani juu ya bega la Lakot, akaanza kusema.

"Mimi ni Nasif wa Bwera, kondakta. Siku ya Jumamosi nilimshusha huyo mwanamke Kikorongo. Nilimpeleka porini. Nilimkaba kwa mkono wa kulia. Nilimtupa kwenye maji ya Kazinga. Hakuna mtu alinilazimisha kusema."

"Nasif," alisema Lakot. "Imekwisha. Aliyemwua amesema. Unakwenda nyumbani."

Salmah alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Macho ya Nasif yalikwenda kwa mlinzi, yakarudi mahali pale pale juu ya bega, na paji lake likajikunja kama la mwanafunzi aliyeambiwa amekosea.

"Siyo kwamba nilisema uongo, afande," alisema. "Nimeruka neno."

Akavuta pumzi, akanyoosha mikono ubavuni, akaanza tena tangu jina lake, safari hii polepole.